Mbwa wa Ghala na Mlinzi Wake: Matunzo ya Kila Siku na Uchunguzi wa Afya

Katika daftari la mali la chama cha msingi huandikwa mizani, maturubai, meza, viti na kasha la fedha. Mbwa anayelala mlangoni mwa ghala mara nyingi haandikwi popote. Hakununuliwa kwa hati ya malipo. Aliletwa na mlinzi akiwa bado mtoto, akakua, akaizoea kazi, na sasa mwizi akiukaribia ukuta usiku, yeye ndiye amsikiaye kwanza. Lakini siku akiuma mtu, kila mmoja humwita "mbwa wa chama", na swali la kwanza atakaloulizwa katibu ni hili: je, mbwa huyo amechanjwa, na kadi yake iko wapi? Somo hili linahusu jibu la swali hilo.

Katika nyanda za juu za Ufipa, tangu Laela hadi Namanyere, mbwa wa kazi ni wa namna mbili. Yupo wa zizi, ambaye hufuatana na wachungaji mchana na kulinda maksai wa plau usiku. Yupo pia wa ghala, ambaye kazi yake huwa kubwa zaidi mahindi yakishavunwa, yaani katika miezi ile ile ya baridi kali ya Juni na Julai, wakati magunia ni mengi na usiku ni mrefu. Wote wawili hawafanyi kazi peke yao. Kila mmoja ana mtu wake, na ni uhusiano wa wawili hao unaoleta ulinzi. Mlinzi aliyesinzia huamshwa na mbwa. Mbwa aliyesikia jambo humtegemea mlinzi mwenye tochi na filimbi.

Ushirikiano wa namna hii una historia yake. Mwaka 1916, katika mji wa Oldenburg nchini Ujerumani, ilifunguliwa shule ya kuwafundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1929 Marekani ikapata shule yake, iitwayo The Seeing Eye, na Uingereza ikafuata mwaka 1931. Hapa kwetu, Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi. Na mwaka 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilianzisha mpango wa mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini na katika viwanja vya ndege, wakifundishwa Usa River mkoani Arusha pamoja na askari watakaofanya nao kazi. Katika kazi hizi zote mbwa hukabidhiwa mtu anayejulikana, na mtu huyo ndiye mwenye wajibu wa kuutazama mwili wa mbwa kila siku. Mbwa wa watu wote hana wa kumwona anapougua.

La kufaa sana kwetu ni lile linalofanywa na mtu asiyeona. Yeye hawezi kumtazama mbwa wake, kwa hiyo humpapasa. Kila siku anapomsugua manyoya hupitisha vidole mwili mzima tangu masikio hadi mkia, na mkono wake hujua uvimbe, kidonda au kupe kabla mtu mwenye macho hajagundua. Mlinzi wa ghala naye hufanya kazi gizani, na mbwa wetu wengi hawajazoea kushikwa. Basi mbwa na azoeshwe kupapaswa tangu utoto, na akaguliwe kila asubuhi zamu inapokwisha. Kazi hiyo haizidi dakika tano.

Mlinzi aanze kichwani. Macho ya mbwa mzima ni maangavu. Yakitoa usaha au yakiingia ukungu mweupe, kuna jambo. Masikio yanuswe, maana sikio lenye kidonda hunuka kabla halijaonekana kuwa bovu. Ufizi uwe na rangi ya waridi. Ukiwa mweupe, damu imepungua, na mara nyingi mwenye kuinywa ni kupe au minyoo. Chini ya mkanda wa shingo papapaswe vizuri, kwa kuwa mkanda uliofungwa mbwa akiwa mdogo na ukasahauliwa huja kukata ngozi. Mbavu zihisiwe kwa vidole bila kuonekana kwa macho. Katikati ya vidole vya miguu ndipo kupe wanapojificha na miiba inapobaki. Chini ya mkia, vipande vyeupe mfano wa punje za mchele ni dalili ya tegu. Mlinzi akimaliza anawe mikono kwa sabuni, na kupe asipasuliwe kwa kucha.

Mbwa wa zizi aendaye na ng'ombe kuteremka bonde la Rukwa, upande wa Muze na Mtowisa, huingia katika nchi nyingine kabisa. Huko ni joto, kupe ni wengi zaidi, na katika mapori mengine kuna mbung'o. Akirudi amekonda, ana homa na jicho limeingia ukungu, asidhaniwe kuwa amechoka kwa safari tu. Huenda ameambukizwa vijidudu vinavyoenezwa na mbung'o, na bila dawa atakufa. Afisa mifugo wa kata apewe habari mapema. Yeye ndiye atakayepima joto la mwili, ambalo kwa mbwa mzima ni kati ya digrii 38 na 39 hivi, na hivyo mtu asiyezoea anaweza kumdhania mbwa mzima kuwa ana homa.

Ghala lenyewe lina hatari zake kwa mbwa, na hizi hazitajwi sana.

Ya kwanza ni chakula. Mbwa wa kilo 20 hivi huhitaji kiasi cha nusu kilo ya unga kwa siku, pamoja na dagaa au mabaki ya nyama, na maji safi wakati wote. Kwa kubana matumizi, vyama vingine humlisha mbwa mahindi yanayofagiliwa chini ya magunia. Fagio hukusanya punje zilizovunjika, zilizolowa na zilizoota ukungu, na humo ndimo sumukuvu inapokaa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Mbwa hudhurika nayo upesi kuliko wanyama wengi, maana huharibu ini. Mbwa hukataa chakula, hutapika, macho huwa ya njano, kisha hufa. Mahindi yasiyofaa kwa mtu hayafai kwa mbwa, na hayafai kwa kuku pia. Wala kupika ugali wake vizuri hakuondoi sumu hiyo.

Ya pili ni sumu ya panya. Sumu nyingi za siku hizi hazimwui panya papo hapo. Humfanya avuje damu ndani kwa siku kadhaa, naye katika siku hizo hutembea kilevi na kukamatwa kwa urahisi. Mbwa akila panya wengi wa namna hiyo, au akiula mtego wenyewe, huanza kudhoofika baada ya siku mbili, tatu au zaidi, wakati watu wamekwisha kusahau kwamba sumu iliwekwa. Kwa hiyo tarehe ya kuweka sumu iandikwe ukutani pamoja na jina la dawa, na pakiti yake ihifadhiwe. Afisa mifugo akijua ni dawa gani, kuna tiba anayoweza kuitoa.

Ya tatu ni mbaya kuliko zote mbili. Vidonge vya kufukizia mahindi vikikutana na unyevu wa hewa hutoa gesi ya fosfini, ambayo huua kila chenye pumzi. Mbwa aliyezoea kulala katikati ya magunia hujipenyeza chini ya turubai wakati watu wanaziba pembe kwa mchanga. Kabla ya kidonge cha kwanza kufunguliwa, mbwa afungwe nje, mbali na milango na madirisha, naye mlinzi afanye zamu yake huko huko nje mpaka msimamizi wa ufukizaji aseme kwamba ghala limepitisha hewa ya kutosha. Hapa mbwa na mtu wako katika hatari moja.

Katika baridi ya Ufipa, ambapo mji wa Sumbawanga wenyewe uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, mbwa hatakiwi kulala juu ya saruji tupu. Kibanda cha mbao kilichoinuliwa kidogo, chenye nyasi kavu zinazobadilishwa kila juma, kinatosha. Nyasi za zamani zichomwe pamoja na viroboto vyake.

Tuje sasa kwenye uchunguzi wa afya wenyewe. Mbwa wa kazi apelekwe kwa afisa mifugo walau mara moja kwa mwaka, hata akiwa haumwi. Siku hiyo atapimwa uzito, atatazamwa meno, ngozi na miguu, atapewa dawa ya minyoo na atachanjwa. Dawa ya minyoo ni vema irudiwe kila baada ya miezi mitatu, hasa kwa mbwa anayetupiwa matumbo mabichi mahali pa kuchinjia. Yuko tegu mdogo wa mbwa ambaye mayai yake, yakiingia kinywani mwa mtu kwa mkono usionawa, hufanya vifuko vya maji katika ini na mapafu. Maini na mapafu ya kondoo au ng'ombe yaliyo na vifuko vya namna hiyo yafukiwe au yachomwe, mbwa asionje.

Chanjo iliyo ya lazima kuliko zote ni ile ya kichaa cha mbwa. Mtoto wa mbwa huchanjwa afikiapo umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kwa tarehe anayoandika afisa kwenye kadi, kwa kawaida kila mwaka. Wapo wanaodhani kwamba chanjo humfanya mbwa kuwa mpole, asifae kwa ulinzi. Dhana hiyo haina msingi. Mbwa wa polisi wanachanjwa, na hakuna mwizi aliyesifu upole wao.

Ugonjwa huu unaposhika akili za mtu au mnyama, yaani dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona. Duniani kote hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na karibu wote waliumwa na mbwa. Kwa Tanzania peke yake, watafiti walikadiria mwaka 2002 kuwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka. Kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, wanne katika kila kumi ni watoto walio chini ya miaka 15. Tena hauishii kwa watu. Maksai aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hufa, na familia inayolima kwa plau ikipoteza maksai mwezi wa Novemba, imepoteza msimu.

Dalili zake si zile tu za mbwa anayekimbia ovyo akiuma kila kitu. Mlinzi anayemjua mbwa wake ataona kwanza mabadiliko ya tabia: mkali amekuwa mwoga na anajificha, au mpole anabweka bila sababu na anatafuna mawe na mbao. Kisha sauti hubadilika, mate hutiririka, miguu ya nyuma hulegea. Hatari kubwa iko pale taya la chini linapoanguka na mbwa akaonekana kama amekwamwa na mfupa kooni. Mtu mwenye huruma hutia mkono kinywani ili autoe mfupa huo, na mate yote huingia katika mikwaruzo ya mkono wake. Ng'ombe naye huonyesha hivyo hivyo, hukabwa na kulia kwa sauti ya ajabu. Mbwa au ng'ombe wa namna hiyo asitiwe mkono kinywani na mtu yeyote, hata mwenyewe aliyemlea.

Tuseme basi mbwa wa ghala amemwuma mtoto wa mwanachama aliyekuja na mzazi wake kuuza mahindi. La kwanza si shauri la nani mwenye kosa. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, kwa muda wa dakika 15 kamili kwa saa, halafu lipakwe spiriti au dawa ya ayodini kama ipo. Lisitiwe majani, pilipili wala majivu. Mtoto apelekwe hospitali siku ile ile, na katibu awe amekwisha kujua tangu zamani ni kituo gani kina chanjo ya binadamu, maana si kila zahanati huiweka. Chanjo hiyo hutolewa kwa sindano kadhaa katika siku zinazopangwa na daktari, na zote zimalizwe hata kama kidonda kimekauka baada ya sindano ya pili. Tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto Joseph Meister aliyeumwa na mbwa, inajulikana kwamba mtu aliyekwisha kuumwa anaweza kuokolewa. Shida ni kuchelewa tu.

Mbwa mwenyewe, ikiwa anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumwa, asiuawe kwa hasira. Afungwe na atazamwe kwa siku 10 chini ya uangalizi wa afisa mifugo. Akiwa mzima baada ya siku hizo, hakuwa na ugonjwa huo katika mate yake siku alipouma. Akifa, afisa aitwe ili achukue kipimo, na mzoga usishikwe. Kwa muda wote huo matibabu ya mtoto yaendelee, asingojewe mbwa.

Kumchanja mbwa mmoja wa chama ni kazi nusu. Ili ugonjwa ukome mahali, inatakiwa mbwa 70 kati ya kila 100 wa mahali hapo wawe wamechanjwa, na kazi hiyo irudiwe. Pemba ni mfano ulio karibu. Kisiwa hicho kiliondoa kichaa cha mbwa mwaka 2014 kwa kampeni za chanjo; ugonjwa ukarudi mwaka 2016, ukaua tena, na ukaondolewa kwa mara ya pili mwaka 2018 baada ya mbwa kuchanjwa upya. Ufipa si kisiwa. Mbwa hupita kutoka kijiji hadi kijiji pamoja na mifugo na biashara, kwa hiyo kazi ni ngumu zaidi, lakini chama kina nguvu moja ambayo ofisi nyingi hazina: wanachama hukusanyika chamani. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani huadhimishwa kila tarehe 28 Septemba, wakati ambapo wengi bado wanaleta mazao. Katibu akipatana na afisa mifugo wiki chache kabla, tangazo moja ubaoni huweza kuleta mbwa wa vitongoji vitatu. Chanjo huhifadhiwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, hivyo afisa aijapo na sanduku lake la barafu asicheleweshwe kwa kungoja viongozi wakae mezani.

Limebaki la fedha, ambalo ndilo lenye ubishi. Nusu kilo ya unga kwa siku ni kilo 182 na nusu kwa mwaka, karibu magunia mawili ya kilo mia mia. Mkutano Mkuu ukisomewa kwamba magunia mawili ya mahindi ni ya mbwa, kutakuwa na kicheko, kisha kutakuwa na manung'uniko. Katibu asifiche gharama hiyo chini ya "matumizi mengineyo", maana mkaguzi ataiona na wanachama watadhani yapo mengine yaliyofichwa. Iandikwe wazi katika makisio, chini ya kifungu cha ulinzi, pamoja na dagaa, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, chanjo na nauli ya kumpeleka mbwa kwa afisa. Mwenye kunung'unika aulizwe chama kitalipa nini likipotea lori moja la mahindi, au kitamwambia nini mzazi ambaye mtoto wake ameumwa na mbwa asiye na kadi.

Husemwa pia kwamba mbwa ni mali ya mlinzi, kwa hiyo chanjo ni juu yake. Hoja hiyo haisimami. Chama kinachofaidi kazi ya mbwa usiku hakiwezi kumkana mchana. Bodi na ipitishe azimio, liandikwe katika muhtasari, kwamba mbwa yuko kazini mwa chama na mlinzi fulani ndiye mtunzaji wake. Kisha lifunguliwe jalada lenye rangi na alama za mbwa, tarehe aliyoingia kazini, tarehe za chanjo na dawa, tarehe ya uchunguzi ujao, na sahihi ya afisa mifugo. Kadi yenyewe ikae ofisini. Mlinzi apewe nakala. Kadi iliyokaa mfukoni mwa koti la mlinzi hufuliwa pamoja na koti.

Mlinzi akiacha kazi, mbwa naye akabidhiwe kwa maandishi kama zinavyokabidhiwa funguo. Mlinzi mpya na wa zamani walale zamu pamoja usiku kadhaa, ili mbwa amzoee mwenzake mpya na akubali kupapaswa naye. Ikiwa mbwa anamfuata bwana wake wa zamani nyumbani, chama kianze kulea mwingine tangu utoto, na chanjo yake iwekwe katika makisio ya mwaka huo huo.

Kwa vikundi vya kujifunza, maswali haya yajadiliwe kabla ya somo lijalo. Mbwa wa ghala la chama chenu alichanjwa lini, na nani anaweza kuonyesha kadi sasa hivi? Mahindi yanayofagiliwa ghalani kwenu huenda wapi? Mtu akiumwa leo saa kumi jioni katika kijiji chenu, atapata chanjo katika kituo gani, umbali gani, na kwa usafiri wa nani? Je, mbwa wangapi wa wanachama wa kitongoji chenu hawajachanjwa? Wahesabiwe kwa kupita nyumba kwa nyumba, na idadi iletwe kwa katibu.